Ufundi wa Moto Mdogo

Wengi hapa Bukavu wakisikia mapishi ya Kifaransa huwaza hoteli za kando ya ziwa, kitambaa cheupe mezani na bei ya kutisha. Mimi huyaona mahali pengine: kwenye mbabula, jiko letu la makaa, uani Kadutu, ndani ya sufuria iliyofunikwa, nyama ya muundi ikiiva polepole tangu asubuhi. Mapishi ya kale ya nyumbani huko Ufaransa yalizaliwa na vitu vya bei nafuu: nyama ngumu, mifupa, mizizi ya shambani. Kilichoyapa heshima ni mkono wa mpishi na subira yake.

Chukua pot-au-feu, nyama iliyochemshwa pamoja na mboga, mama wa vyakula hivyo. Karibu kila kinachohitajika huteremka sokoni kutoka Kabare na Walungu migongoni mwa mama zetu: karoti, puaro, seleri, vitunguu. Kitunguu kimoja huchomekwa karafuu mbili tatu, na karafuu hiyo ina ujamaa wa zamani na meza ya Mfaransa, kwani mwanzoni mwa karne ya 19 ilifika Zanzibar kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa walikuwa wameipanda. Nyama hutiwa kwenye maji baridi, moto ukaongezwa taratibu, povu likaenguliwa hadi mchuzi uwe safi. Kuanzia hapo maji hayaruhusiwi kutokota kwa fujo, maana mafuta yatavurugika ndani ya mchuzi na kuutia ukungu. Yanatakiwa yatikisike kidogo tu, kiputo hapa, kiputo pale, huku kano zikilainika na kuwa ute unaoupa mchuzi uzito.

Mji wetu una somo lake katika jambo hili. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kitabu kilichoandikwa Paris kikisema saa tatu, sisi tuongeze. Kwa hiyo mpishi wa Bukavu hujifunza kuuamini uma wake kuliko saa: ukizama ndani ya nyama bila kulazimishwa, kazi imekwisha. Hujifunza pia kuutawala moto, kuyafunika makaa kwa majivu na kuziba mlango wa mbabula hadi joto litulie.

Lakini makaa ni ghali, na msitu ndio unaoyalipia, hata ule wa Kahuzi-Biega. Upishi wa polepole ukitumia makaa ovyo si ufundi tena. Dawa yake ni ya zamani: sanduku lililojazwa nyasi kavu, ambalo la aina yake lilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867. Sufuria ikishachemka vizuri, huzikwa humo pamoja na mfuniko wake, na joto lililomo huendelea kupika bila kaa hata moja. Blanketi nzito na kapu kubwa hufanya kazi ileile. Kabla ya kupakua, sufuria hurudishwa motoni ichemke tena.

Kesho yake nyama iliyobaki huchambuliwa, ikalazwa chini ya viazi vilivyopondwa kwa maziwa na siagi, jibini ya Masisi ikanyunyizwa juu. Wafaransa wamekipa chakula hicho jina la Parmentier, mtu wa karne ya 18 aliyewahimiza wenzake wale viazi. Kwetu Kivu hakuna wa kuhimizwa.

Ufundi huu haukuingia mjini kupitia vitabu peke yake. Enzi za ukoloni, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, katika nyumba za wazungu, waliosimama jikoni walikuwa wanaume wa Kikongo, walioitwa maboyi hata walipokuwa na mvi. Walijifunza kwa jicho na kwa ulimi: kukaanga unga katika siagi bila kuuacha ubadilike rangi, kumimina maziwa kidogo kidogo, kukoroga hadi mchuzi uwe laini. Walipeleka sahani kwenye meza ambako wao hawakukaribishwa kuketi. Mimi nawaita mafundi, na urithi wao nauhesabu kuwa wetu.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Kilichoheshimiwa ni desturi: kuchagua vitu vizuri, kufuata mpangilio wa mlo, kukaa pamoja na kula bila haraka. Desturi hiyo haikatai bugali kando ya mchuzi, wala pilipili mahali pa haradali.

Wazee wale wa Costermansville walijifunza kwa amri, wawapikie wengine. Sisi tunajifunza kwa hiari, tuwapikie wetu, na tunaweza kuwafundisha wavulana na wasichana pamoja. Anayetaka kuanza, aanze Jumamosi. Aamkie buchani mapema, amwambie muuza nyama: "Papa, nikatie ya muundi, na mfupa wake usiutoe." Kisha awashe moto mdogo, na aendelee kuonja hadi chakula kiive.