Injini Ikiwaka Usishangilie Bado: Namna ya Kupima Taimingi Njema

Injini iliyofanyiwa ovaholi ikiwaka mara ya kwanza, gereji nzima hufurahi. Mafundi wanagongana mikono, na mwenye gari anatoa noti mfukoni. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Kuwaka si cheti cha kazi nzuri: injini ya petroli inaweza kukosewa taimingi kwa jino zima na bado ikawaka, ikanguruma, hata ikatoka gereji kwa heshima. Kasoro hujitokeza baadaye, gari likiwa na abiria watano na mlima mbele yake. Ajuaye kazi hutazama alama za chuma, mahali distribyuta ilipolala, moto wa plagi, kisha barabara, kwa mpangilio huohuo.

Tuchukue mfano wa 5A-FE, ile injini ya Toyota ya lita 1.5 iliyojaa kwenye Corolla za AE100 na AE110, magari ambayo bado utayakuta na bonneti juu katika gereji za jua kali mjini Machakos. Belti huzungusha kamshafti moja, ya pili huzungushwa na gia, na distribyuta huzungushwa na kamshafti yenyewe. Shika hilo la mwisho. Ndilo litakalomfichua fundi mzembe.

Alama kwanza

Pistoni namba moja ikiwa juu kabisa, mkato wa puli ya kranki huelekea sifuri, na tundu dogo la puli ya kamshafti hukaa sambamba na alama ya kifuniko cha beringi nyuma yake. Ukichungulia ndani ya tundu uione alama ile katikati, mambo ni sawa. Ikikatwa nusu na ukingo wa tundu, uliza.

Fundi mzuri haishii kuvisha belti na kukaza tenshona. Huziacha plagi nje, hutia spana kwenye bolti ya puli, huizungusha kranki polepole kwa mkono raundi mbili kamili, kisha hutazama alama upya. Raundi ni mbili kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja kila kranki ikizunguka mara mbili. Mzunguko huo huondoa ulegevu uliojificha upande mmoja wa belti. Alama zikirudi palepale, sasa ndipo akaze tenshona. Fundi anayezungusha kwa stata amejinyima habari ambayo mkono ungempa: pale chuma kinapogusa chuma, mkono husikia kabla ya sikio.

Jino moja si kitu kidogo. Chukua puli ya kamshafti yenye meno 40: jino moja ni digrii 9 za kamshafti, yaani digrii 18 za kranki. Kwa hiyo usikubali kisingizio kinachopendwa sana, kwamba alama hazilingani kwa kuwa silinda hedi ilichongwa. Ni kweli kuchonga hedi huchelewesha kamshafti kidogo, maana hushuka karibu na kranki. Lakini hedi huchongwa kwa sehemu ya kumi ya milimita au mbili tatu, na meno ya belti hupishana kwa milimita 8 au zaidi. Nusu jino haiwezi kutoka hapo.

Dalili nyingine ni ya geji ya kompresheni. Silinda zote nne zikisoma chini, tena kwa usawa, katika injini yenye ringi mpya, usianze kulaumu ringi. Kamshafti iliyochelewa huziacha valvu za hewa wazi kupita wakati wake, na pumzi ikarudi ilikotoka. Ukumbuke pia kwamba Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya bahari; hewa ya hapa ni nyepesi, na geji haitafikisha namba za Mombasa.

Distribyuta ilivyolala

Sasa tazama kile kijisikio cha distribyuta chenye tundu refu la bolti. Kazi ikiwa safi, bolti hukaa karibu na katikati ya tundu. Ukiikuta imesukumwa hadi mwisho, kuna jambo. Kwa kuwa distribyuta huendeshwa na kamshafti, belti ikirushwa jino moja, moto nao huhama. Mzembe harudi kwenye alama. Huipinda distribyuta mpaka mngurumo utulie. Moto umerudi mahali pake, ila valvu bado zinafunguka na kufunga nje ya wakati. Gari litaamka vizuri asubuhi na kukosa nguvu mlimani, na mwenyewe ataambiwa ni mafuta mabaya.

Moto wa plagi

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki hupita digrii 18 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mchanganyiko wa petroli na hewa huhitaji muda kuwaka, ndiyo maana cheche hurushwa kabla pistoni haijafika juu. Kwa 5A-FE kipimo cha msingi ni digrii 10 kabla ya juu, injini ikiwa imepata moto na haijakanyagiwa mafuta.

Mtihani wa fundi uko kwenye kisanduku cheusi cha ukaguzi chini ya bonneti. Kabla ya kumulika taa ya taimingi, lazima aunganishe tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya. Asipofanya hivyo, kompyuta ya gari huendelea kusogeza moto ipendavyo, na digrii anazosoma si zake. Akishamaliza, waya utoke.

Kwenye magari ya zamani yenye pointi, kama Peugeot 504, mpangilio ni uleule: nafasi ya pointi hupimwa kwa fila kwanza, kisha taimingi. Anayegeuza mpangilio huo amejipa kazi mara mbili, maana nafasi ikibadilika, moto nao hubadilika.

Barabara ndiyo hakimu

Usilijaribie gari Kyamwilu, ambako hata lililozimwa huonekana kupanda lenyewe. Lipeleke mlima wa kweli. Panda vilima vya Mua kwa gia ya tatu, injini ikizunguka taratibu, kisha kanyaga. Likivuta bila kelele, vizuri. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya mkebe, moto umewahishwa. Likiwa zito, likipata joto na kunywa mafuta, umecheleweshwa.

Hapa ndipo kutaimu kwa sikio pekee kunapomwangusha fundi wa nyanda za juu. Injini iliyowahishwa mpaka ukingoni Machakos itanyamaza Machakos. Ishushe Mombasa, hewa ikaze ndani ya silinda, halafu uanze kupanda Mazeras na mzigo: kokoto hizo utazisikia. Digrii za kitabu zinafaa kote kuwili.

Basi patana na fundi kabla hajaanza: kifuniko cha belti hakirudi mpaka umeona alama baada ya raundi mbili, na taa ya taimingi haiwashwi mpaka waya uwe mahali pake. Anayejiamini atakuita mwenyewe uje uchungulie. Anayekasirika amekuokolea pesa.