Mnara Unamulika Nani? Uhakiki wa Ziara za Kihistoria katika Pwani ya Kaskazini ya Msumbiji

Utangulizi

Katika madarasa ya fasihi tumezoea kuuliza maswali matatu mbele ya kila kazi: nani anasimulia, anamsimulia nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema. Maswali hayo ni nadra kuyapeleka nje ya kitabu. Mtu akitembelea ngome ya kale au mnara wa taa wa kuongozea meli, huyapokea maelezo ya mtembezaji kama yalivyo, hupiga picha, kisha hurudi nyumbani. Makala hii inaichukulia ziara ya kihistoria kuwa matini inayoweza kuhakikiwa kama riwaya. Ina msimulizi na mpangilio wa matukio, ina wahusika wakuu, na ina wahusika bapa wanaopita nyuma bila majina.

Eneo ninalolihakiki ni pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kuanzia Kisiwa cha Msumbiji hadi Rasi ya Delgado, nikiegemea zaidi Mocímboa da Praia, mji nilikozaliwa. Hoja yangu ni kwamba ziara za pwani hii zimepangwa kwa jicho la mtu aliye juu ya sitaha ya meli. Kwa sababu hiyo mji kama Mocímboa, usio na ngome mashuhuri ya kuwekwa kwenye kadi ya posta, unaonekana kama mji uliokosa historia mpaka siku ulipochomwa moto.

Jicho la baharini

Tuanze na minara ya taa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Karibu na Kisiwa cha Msumbiji kuna kisiwa kidogo kiitwacho Goa, na juu yake umesimama mnara uliojengwa mwaka 1876. Mgeni hupelekwa huko kwa chombo cha tanga, hupanda ngazi, huitazama bahari. Anachoambiwa kwa kawaida ni mwaka wa ujenzi na taifa la wajenzi. Mhakiki angeongeza swali moja: taa hii iliwashwa kwa ajili ya nani?

Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na meli za mvuke zilikuwa zikiongezeka katika Bahari ya Hindi. Nahodha mgeni, asiyejua miamba yetu, alihitaji kuonyeshwa njia. Wakati huohuo biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku kisheria, lakini vyombo vilivyobeba watu kwa siri vilikuwa bado vikiondoka katika vijito na mikoko ya pwani hii. Hao walitaka giza. Kwa hiyo mwanga uleule ulikuwa faraja kwa mmoja na tishio kwa mwingine, na yule aliyefungwa ndani ya jahazi hakuwa na taa yoyote. Maelezo yanayotaja mwaka 1876 na kuishia hapo yamemwacha nje mhusika wa tatu, naye ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza.

Kuna pia elimu ambayo mnara unaifunika. Manahodha wa pwani walisafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi karne nyingi kabla ya taa ya kwanza. Waliongozwa na nyota, na rangi ya maji, na umbo la miti iliyo juu ya kisiwa. Elimu hiyo haina ngazi za kupanda wala mlango wa kukatia tiketi, basi haimo katika ziara. Sisemi kwamba mnara haumfai mwenyeji. Mvuvi anayerudi usiku anaitumia taa kama meli kubwa inavyoitumia. Ninachokataa ni kuuchukulia mnara kama mwanzo wa maarifa ya bahari.

Jicho hilo la baharini limeingia hata katika majina. Cabo Delgado kwa Kireno ni “rasi nyembamba”: ni jina la mtu aliyekuwa akipita mbali na kuliona umbo la nchi kavu. Jimbo zima, pamoja na nyanda za Mueda ambako bahari haionekani, limebeba jina la kitu kilichoonwa kutoka melini. Mji wa Pemba uliitwa Porto Amélia, kwa heshima ya malkia wa Ureno, mpaka baada ya uhuru. Mji wetu nao uliongezewa maneno “da Praia”, yaani wa ufukweni, ili usichanganywe na Mocímboa do Rovuma ulioko bara. Ukilinganisha na watu wenyewe walivyojiita, utaona tofauti. Wamwani wamejiita kwa mwani, ambalo katika lugha yao ni pwani. Jina lao linatoka mahali waliposimama.

Ngome, gereza na kitambaa

Kituo mashuhuri cha ziara katika Cabo Delgado ni kisiwa cha Ibo, na ndani ya Ibo ni ngome ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota. Tukitumia istilahi zetu, hapa fani imeyashinda maudhui. Umbo la nyota linapendeza katika picha, na mgeni huondoka akilikumbuka hilo. Lakini Ibo ilitajirika kwa kuuza watu, wengi wao wakipelekwa katika visiwa vya Wafaransa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Baadaye kisiwa kikawa makao makuu ya jimbo, hadi makao hayo yalipohamishiwa Porto Amélia. Na katika miaka ya mwisho ya ukoloni, ngome hiyohiyo ilitumiwa kuwafungia wafungwa wa kisiasa.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatoa uhakiki ambao ziara imeusahau. Ngome iliyoko Kilwa Kisiwani wenyeji wanaiita Gereza. Wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hata hivyo, maana iliyobaki vinywani mwa watu wa pwani ni jela. Watu waliozijua kuta hizo kutokea ndani na nje hawakuchagua neno la kusifu ujenzi. Waliita kitu kwa kazi waliyoiona kikifanya. Mtembezaji wa Ibo angeweza kuianza ziara yake kwa neno hilo moja, na mgeni angeelewa mengi kabla hajavuka lango.

Ndani ya ngome hiyo wapo mafundi wa fedha wanaofua mikufu na vipuli. Hao ni sehemu nzuri kuliko zote za ziara, kwa kuwa historia iko mikononi mwao na inaendelea. Hata hivyo huwekwa mwishoni, mahali pa kununua kumbukumbu. Wengine hawamo kabisa. Kabla ya ngome, visiwa vya Kerimba vilijulikana kwa kitambaa kilichoitwa maluane, kilichofumwa huko na kutiwa rangi ya nili, na visiwa vyenyewe viliwahi kuitwa kwa jina la kitambaa hicho. Kitambaa huoza, jiwe hubaki. Kipimo cha ziara zetu ni jiwe, kwa hiyo mfumaji amefutika na mpiga mizinga amebaki.

Masimulizi ya taifa

Mtu anaweza kusema kwamba kasoro hii ilirekebishwa baada ya uhuru wa mwaka 1975. Ni kweli kwa kiasi. Taifa liliweka vituo vyake: Mueda, ambako watu waliuawa tarehe 16 Juni 1960 walipokusanyika mbele ya watawala wa Kireno, na Chai, ambako vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Sitaki vituo hivyo vipunguziwe heshima hata kidogo. Lakini vyote viwili viko bara. Ukivijumlisha na ngome za visiwani, ramani inayotokea inasema hivi: pwani ni ya Wareno, bara ni ya ukombozi. Mtoto wa Mocímboa anayesoma ramani hiyo hapati mahali pa babu yake, ambaye huenda alikuwa mvuvi, au fundi wa majahazi, au mfanyabiashara aliyekuwa akienda Mikindani na kurudi.

Sidai kwamba ziara mbovu ndizo zilizoleta vita. Vita vina sababu nyingi, na wapo wanaozichunguza kwa vipimo vyao. Ninalosema ni dogo, lakini ni zito kwetu: vita vilipofika, viliukuta mji ambao haukuwa umesimuliwa, vikajaza nafasi iliyokuwa wazi.

Mocímboa na tarehe tatu

Leo ukimtajia mtu wa mbali jina la Mocímboa da Praia, atakupa tarehe. Tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi viliposhambuliwa. Agosti 2020, mji ulipotekwa. Tarehe 8 Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Kati ya tarehe hizo majengo ya umma, maduka na nyumba nyingi ziliharibiwa, na wakazi wakatawanyika: Pemba, Mueda, Nangade, na wengine wakavuka Ruvuma. Kufikia mwaka 2021, waliohama makwao kwa sababu ya vita hivi walikuwa zaidi ya 700,000.

Sasa watu wamekuwa wakirejea, na swali la ziara litakuja, tutake tusitake. Ukuta uliochomwa ni alama ya kihistoria au ni ukuta wa mtu anayesubiri mabati? Rai yangu ni kwamba ni vyote viwili, ila mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa kwanza. Mji unaoonyesha makovu yake tu hautofautiani na mji unaoonyesha ngome zake tu. Katika hali zote mbili mhusika mkuu ni aliyekuja na silaha.

Methali inasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Tunaitumia kuwakaribisha watalii, lakini tukiichambua inaweka sharti. Kipimo cha ujio wa mgeni ni kupona kwa mwenyeji. Kwa kipimo hicho, Mikindani iliyo ng’ambo ya Ruvuma ina la kutufundisha kwa pande zote mbili. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na kuwa hoteli, jambo lililonusuru jengo na kuleta ajira. Wakati huohuo, safari ya Livingstone aliyeondokea hapo mwaka 1866 inasimuliwa kwa urahisi kuliko safari za wapagazi walioifanya iwezekane. Mfano mwingine ni kisiwa cha Chumbe, Unguja. Mnara wake ulijengwa na Waingereza mwaka 1904. Leo kisiwa ni hifadhi ya matumbawe, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kujifunza bahari yao wenyewe. Mnara haukubomolewa. Umebadilishiwa hadhira, na kwa mhakiki hayo ni mabadiliko makubwa.

Ziara ya Mocímboa ingekuwaje?

Ingeanzia ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na vyombo vimelala ubavu kwenye tope. Hapo fundi angeonyesha mkuku, mataruma na foromali, na kila neno lingesemwa kwa Kimwani na kwa Kiswahili ili msikilizaji asikie udugu wa lugha hizo. Kisha ingepita Milamba na Nanduadua, kwa wazee wanaojua nani alichimba kisima kipi na nani amezikwa wapi. Ingewafikia wachongaji wa Kimakonde, maana mji wetu haujawahi kuwa wa kabila moja. Ingetaja njia za biashara na undugu hadi Mtwara na Unguja. Mwishoni, kwa heshima na kwa ruhusa, ingefika palipoungua.

Mwalimu anaweza kuniuliza: nani atakuja, ilhali usalama bado ni wa mashaka na barabara ni mbovu? Jibu langu ni kwamba hadhira ya kwanza ya ziara hii imekwisha kufika. Ni watoto waliozaliwa au kukulia ukimbizini, wanaorudi katika mji wasioujua. Wao hawahitaji tiketi wala hoteli. Wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba mji huu una umri mkubwa kuliko vita vyake. Mwingine atasema elimu ya wazee si ushahidi. Ni kweli kwamba kumbukumbu hukosea, na yapaswa kulinganishwa na nyaraka na mabaki ya kale. Lakini nyaraka nyingi tulizonazo ziliandikwa na mtazamaji wa melini, naye pia alikosea. Tofauti ni kwamba nyaraka zake zimehifadhiwa, ilhali wazee wetu baadhi yao wamefia na kuzikwa mbali na makwao, na kila mmoja ameondoka na majina ya mahali ambayo hayakuandikwa popote.

Hitimisho

Uhakiki huu haukukusudia kuwakataza wenzangu kupanda minara wala kuingia ngomeni. Panda, tazama, piga picha. Lakini ukishuka, uliza nani anasimulia na nani amenyamazishwa, kama tunavyouliza darasani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni la pekee hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ambayo haikujengwa kwa mawe imehifadhiwa katika lugha tunayoisoma na lugha ndugu zake. Kalamu na kinasa sauti katika simu vinatosha kuanza. Kwa upande wa Mocímboa, kazi hiyo ina muda mfupi wa kufanyika: wanaoyajua majina ni wachache kuliko walivyokuwa kabla ya mwaka 2017, na hakuna anayeongezeka.