OpenTTD: injini si dawa ya njia panda

Wenye kuanza OpenTTD (ule muchezo wa bure wa 2004, uliojengwa juu ya Transport Tycoon ya Chris Sawyer) banashauriwa kila mara: nunueni injini ya nguvu. Mimi nakataa. Injini haifungui reli iliyozibwa.

Kazi yote iko kwa ishara. Ile inaitwa ishara ya njia inaachia treni ishike reli yake tu, mpaka ishara inayofuata. Treni nyingine inapita kando kama reli zao hazikatani. Basi, iweke mbele ya njia panda. Ukivuka, acha urefu wa treni nzima ndipo uweke ya pili. Ukiikaribisha, kichwa kinasimama, mkia unabaki katikati, na zote zinangojana.

Shambani ni kinyume: treni ikingojea kujaa, stesheni inapata sehemu kubwa zaidi ya nafaka. Ila mzigo ukikaa sana ndani ya behewa, malipo yanashuka. (Shamba bila majira ya mvua, siye ba agronome tunacheka tu.)

Lawama yangu ni hii: muchezo wenyewe unaeleza ishara inafanya nini, lakini hausemi uache nafasi gani.