Mwili Usio na Uso: Isadora Duncan katika Rangi za Maji za Abraham Walkowitz

Abraham Walkowitz, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Siberia, alikutana na mcheza dansi Isadora Duncan mjini Paris mwaka 1906, katika karakana ya mchongaji Auguste Rodin. Tangu hapo alimchora katika maelfu ya kazi, nyingi zikiwa za wino, penseli na rangi za maji juu ya karatasi.

Katika kazi hizo, uso kwa kawaida huachwa mtupu. Mstari mwembamba hufuata bega, nyonga na goti. Rangi nyepesi ya vazi huvuka mpaka wa mstari huo. Mwendo huzaliwa katika tofauti hiyo: mstari huonyesha mwili ulipo, rangi hudokeza unakoelekea.

Kuziita kazi hizi picha za sura ya Duncan ni kuzikosea. Hata hivyo, kuzichukulia kuwa kumbukumbu kamili ya dansi yake ni kosa kubwa zaidi. Duncan hakupenda kupigwa filamu, hivyo watafiti huitegemea sana michoro. Walkowitz amehifadhi uzito wa mwili, mwinamo wa kichwa na mrusho wa mkono; hakuhifadhi mfuatano wa hatua wala uhusiano wake na muziki.

Ushahidi wa kazi hizi umo katika wingi wake. Karatasi moja huonyesha mkao; nyingi zikipangwa pamoja hufichua mazoea ya mwili. Hifadhi inayoteua moja kwa uzuri wake na kuzitawanya nyingine huokoa mchoro, lakini humpoteza mchezaji.