Walioondoka Kabla ya Wimbo wa Mwisho

Oktoba 1981, katika ukumbi wa Alvin jijini New York, watu waliolipia viti vyao walikuwa wakiinuka na kutoka mchezo ukiendelea. Wengine waliondoka wakati wa mapumziko, wengine hawakuyangoja. Jukwaani walikuwepo vijana wadogo, baadhi yao wakikanyaga Broadway kwa mara ya kwanza, na walilazimika kuimba huku wakiitazama ile migongo. Tamthilia hiyo ya nyimbo iliitwa Merrily We Roll Along. Nyimbo zilitungwa na Stephen Sondheim, hadithi iliandikwa na George Furth, mwongozaji alikuwa Harold Prince. Sondheim na Prince walikwisha kutoa pamoja Company, Follies na Sweeney Todd. Hawakuwa wanagenzi.

Hadithi, iliyotokana na mchezo wa 1934 wa George S. Kaufman na Moss Hart, inakwenda kinyumenyume. Tunamkuta kwanza Franklin Shepard akiwa mtu mzima, tajiri, mtunzi wa muziki aliyeuacha muziki kwa ajili ya filamu, na marafiki zake wa dhati, Charley na Mary, amekwisha kuwapoteza. Kutoka hapo kila onyesho linatupeleka miaka kadhaa nyuma, hadi tunawafikia watatu hao juu ya paa la nyumba mwaka 1957, hawana kitu mfukoni, wanakitafuta angani chombo cha Sputnik. Wanaimba juu ya mambo makubwa watakayoyafanya, na mtazamaji tayari anajua yote yalivyokwisha. Ndiyo sababu wimbo huo wa mwisho una uzito kiasi kile. Na ndiyo sababu waliotoka mapema walikosa hasa kile ambacho kazi nzima ilijengwa ili kuwapa.

Nataka kukaa kidogo kwenye ujenzi wenyewe, maana kila ninaposikiliza nyimbo hizi nashangaa upya. Desturi ya tamthilia za nyimbo ni kuutoa wimbo kwanza mzima, kisha baadaye kurudisha kipande chake ili utukumbushe. Sondheim alijiuliza: kama muda unarudi nyuma, kumbukumbu inatoka wapi? Basi akageuza mpango wote. Vipande vinatangulia, wimbo mzima unafuata. Not a Day Goes By tunausikia kwanza ndoa ya Frank inapovunjika, sauti imejaa uchungu. Baadaye unarejea siku ya harusi, kwa maneno yanayokaribiana mno na yale ya kwanza, na sasa ni kiapo cha mapenzi. Pembeni Mary naye anauimba, kwa sababu miaka yote hiyo amempenda Frank na hakuwahi kumwambia. Hakuna mtu jukwaani anayeeleza lolote. Muziki unaachiwa kazi yote, nasi tunawalilia maharusi huku wao wakitabasamu.

Kuna mahali pengine Sondheim aliwaandika watazamaji wenyewe. Frank na Charley, bado wachanga, wanaalikwa kuimba kwenye karamu ya wakubwa. Wageni wananyamaza, wanasikiliza Good Thing Going hadi mwisho, wanashangilia. Vijana wanaombwa waurudie. Safari hii mtu anaanza kunong'ona, mwingine anacheka, gilasi zinagongana, na mazungumzo yanapanda hadi yanaufunika wimbo. Aliyetunga onyesho hilo alijua kikamilifu jinsi ukumbi unavyomponyoka msanii.

Kujua huko hakukuwaokoa. Kazi mpya kama hii hupita kwenye maonyesho ya majaribio, watu wanalipa na kutazama kabla wahakiki hawajaalikwa, na waandishi husimama nyuma ya ukumbi wakisikiliza: kicheko kilichochelewa, kikohozi katikati ya wimbo wa taratibu, viti vinavyolia. Zamani majaribio yalifanywa katika miji mingine. Safari hii, ili kupunguza gharama, yalifanywa New York penyewe, na habari mbaya zikaenea mjini upesi. Mchana waigizaji walifundishwa mabadiliko, usiku walipanda nayo jukwaani. Mwigizaji wa Frank alibadilishwa, na mtunzi wa miondoko ya ngoma vilevile. Watazamaji walilalamika kwamba hawajui nani ni nani, maana vijana wale walicheza pia watu wa makamo. Mavazi yaliyoshonwa yakatupwa, wakavishwa fulana nzito zilizoandikwa kifuani mhusika ni nani.

Naiheshimu juhudi ile, lakini naona fulana zilijibu maneno ya watazamaji na kuacha maana yake. Mtu anayesema "simfuatilii huyu" mara nyingi anasema "sina sababu ya kumjali." Frank wa mwanzo alikuwa mtu wa kuchukiza, na ukumbi ulitakiwa umvumilie muda mrefu kabla ya kuonyeshwa kwa nini aliwahi kupendwa.

Kusikia maana iliyo chini ya malalamiko ni ufundi kamili, na Sondheim na Prince walikwisha kuuona ukifanya kazi. Mwaka 1962, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kichekesho chenye nyimbo za Sondheim kilichotayarishwa na Prince, kilikuwa kikifa mbele ya watazamaji wa Washington. Mwongozaji Jerome Robbins aliitwa kusaidia. Hakuhangaika na vichekesho visivyochekesha. Alisema kasoro iko kwenye wimbo wa kwanza, ulio mpole na wa mapenzi, unaowaandaa watu kwa mchezo mwingine kabisa. Sondheim akaandika Comedy Tonight, ukumbi ukapewa ruhusa ya kucheka tangu dakika ya kwanza, na mchezo ukaenda maonyesho 964.

Merrily ilifunguliwa Novemba 16 na kufungwa Novemba 28, baada ya maonyesho 16. Kesho yake waigizaji waliingia studio kurekodi nyimbo. Rekodi ile ndiyo iliyofanya watu waendelee kuuliza kazi nzuri hivi iliangukaje.

Sondheim na Furth hawakuiacha. Mwaka 1985, huko La Jolla, California, wakiwa na mwongozaji James Lapine, waliondoa sherehe ya shule ambayo mwaka 1981 iliizunguka hadithi kama fremu, mwanzoni na mwishoni, wakaweka wimbo mpya mwanzoni, wakaongeza Growing Up. Marekebisho yaliendelea hadi Leicester, Uingereza, mwaka 1992, ambako Mary alichezwa na Maria Friedman. Miaka ishirini baadaye Friedman mwenyewe aliiongoza London, na mwaka 2023 akaileta Broadway. Kwake yote ni kumbukumbu za Frank: tunamwona mwanzoni amesimama peke yake, na tunaelewa kwamba huyu mtu wa kuchukiza ndiye anayeumia kuyakumbuka. Sasa ukumbi una sababu ya kubaki.

Sondheim alifariki Novemba 2021, hakuiona ikirudi Broadway. Juni 2024 kazi hii ilipata tuzo nne za Tony, na ninayoipenda zaidi ni ya upangaji wa ala. Aliipokea Jonathan Tunick, yuleyule aliyezipangia ala nyimbo hizi mwaka 1981.