Konokono wa Sikio

Luofu, mashariki mwa Kongo, iko juu mlimani, baridi yake haimpi mbu raha. Lakini mtu akishuka Vitshumbi, ziwani, kutafuta samaki aweza kurudi na malaria, na akitundikiwa kinini masikio huanza kulia: nziii, usiku kucha. Mlio huo huisha. Kanamisini, sindano ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu, haikuwa na huruma hiyo. Iliua vinyweleo vya sikio la ndani, na vikishakufa havioti tena. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiondoa katika dawa linazoshauri.

Ajabu ni kwamba dawa ya kulitibu sikio la ndani hupata taabu kuingia. Sehemu kubwa ya inayopitia kwenye damu huishia mlangoni. Ndiyo maana napenda ufundi wa daktari anayetoboa kiwambo cha sikio kwa sindano nyembamba, akadondosha deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, nyuma yake, kisha akatulia. Mgonjwa hulala ubavu, sikio juu, karibu nusu saa, naye huambiwa asimeze mate. Akimeza, mfereji wa kwenda kooni hufunguka na dawa inakimbia. Jaribu wewe kukaa nusu saa bila kumeza! Dawa yenyewe hupenya taratibu kwenye utando mdogo wa dirisha la duara.

Vinyweleo vikishakwisha, kazi hubaki kwa waya wa kifaa cha kusikia, unaopandikizwa ndani ya konokono wa sikio. Konokono huyo ni kama punje ya njegere, naye kajikunja mizunguko miwili na nusu. Daktari Graeme Clark wa Australia alikwama hapo na waya wake, hadi mwaka 1977 alipokuwa likizoni ufukweni, akasukumia majani ndani ya kombe lililojikunja. Jani lililopita lilikuwa gumu shinani, laini nchani. Mwaka uliofuata alimpandikizia kifaa mgonjwa wake wa kwanza, Melbourne.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kazi hii mwaka 2017. Mfupa wa nyuma ya sikio huchongwa chini ya hadubini, kando kabisa ya mshipa wa fahamu wa uso. Mkono ukiteleza, shavu la mtoto linapooza. Halafu waya wa sentimita chache husukumwa kwa dakika nzima, au zaidi. Watafiti sasa wanaichanganya deksamethasoni ndani ya silikoni yake, ivuje humo humo.

Wiki kadhaa baadaye kifaa huwashwa, kituo kimoja kimoja cha umeme kwenye waya. Vifaa vingine vina vituo 22. Mtoto anashikilia shanga karibu na shavu, anasubiri. Akisikia, anaidondosha kikombeni. Kituo cha pili.