Mwangwi wa Riwaya Pendwa katika Kidagaa Kimemwozea

Wahakiki wa riwaya mpya ya Kiswahili wamekuwa wepesi wa kuona Biblia na falsafa ya Ulaya ndani ya Nagona (1990) ya Kezilahabi au Ziraili na Zirani (1999) ya Mkufya. Wepesi huo huwatoka linapotajwa jina la Elvis Musiba, kana kwamba mwandishi wa fasihi pevu hakuwahi kusoma kitabu cha upelelezi chini ya dawati.

Hata hivyo, si kila mfanano ni rejeleo. Anayeiweka Kufa Kuzikana (2003) ya Ken Walibora kando ya Kufa na Kupona (1974) ya Musiba atashawishiwa na majina. Lakini yote mawili yamechotwa katika misemo ambayo ni mali ya kila Mswahili, na riwaya zenyewe hazisemezani. Kwa Muhammed Said Abdulla mambo ni mengine: kiko cha Bwana Msa, na Najum anayefuatana naye kama Watson na Sherlock Holmes, ni alama nyingi mno kuwa sadfa.

Kidagaa Kimemwozea (2012) ndiyo inayotutatiza. Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyekwisha kumsafirisha Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale katika Siku Njema (1996), akimsaka baba. Safari hii Amani anaingia kwa Mtemi Nasaba Bora kama mchunga ng'ombe, huku akimtafuta aliyeiba mswada wake. Kujificha, kunyamaza, kukusanya ushahidi: hiyo ni mifupa ya hadithi ya upelelezi. Sidai kwamba Walibora anamrejelea Willy Gamba. Nadai kwamba msomaji aliyelelewa na Gamba ataitambua njia, kisha ashtuke. Gamba hutumwa na dola. Amani hatumwi na mtu, na dola, kwa sura ya Mtemi, ndiyo mtuhumiwa. Bwana Msa naye hujitegemea, ila mafumbo anayoyafumbua ni ya wengine. Amani anapeleleza hasara yake mwenyewe.

Na kilichoibwa ni mswada wenye jina la kitabu kile kile tukishikacho mkononi. Rejeleo lisilo na shaka, basi, ni la riwaya kujirejelea yenyewe, nalo linatuelekea sisi wa vyuo vikuu kuliko wasomaji wa Musiba: mwizi, Mwalimu Majisifu, ni msomi anayesifiwa kwa kazi asiyoiandika, na aibu yake humfika alipoalikwa kuhutubia chuoni Wangwani.